Nilichagua beji, nikaisahau Kivu

Juzi kijana mmoja wa Bukavu aliniandikia: "Yaya, niko na dola elfu mbili, nataka nikuwe moniteri (mwalimu) wa mbizi. Nichukue PADI, SSI ao CMAS?" Hayo ni mashirika yanayotoa vyeti vya kupiga mbizi. Nikaanza kumjibu kwa sauti kwenye WhatsApp. Nilipofika dakika ya saba nikaifuta. Jibu lenyewe ni refu, tena bado linaniuma, kwa hiyo nimeliandika hapa mlisome wote.

Mimi ni mtoto wa Birere, Goma. Kuogelea nilijifunzia ziwa Kivu, kifua juu ya bido (dumu) la njano. Kupiga mbizi nilijifunzia Zanzibar, ambako nilienda kutafuta maisha nikaishia kubeba mitungi ya watalii. Tarehe 3 Oktoba 2024 nilikuwa Nungwi ninaosha vifaa simu ilipoanza kuita: boti Merdi, ikitoka Minova, imezama mbele ya bandari ya Kituku, watu wanaangalia toka ufukweni. Kila aliyenipigia aliuliza swali moja: Goma wazamiaji wako wapi? Usiku ule niliamua nitarudi nyumbani nikiwa mwalimu.

Nililichaguaje shirika? Sikulichagua. Nilichukua lile la bosi wangu, kwa sababu beji yake ilijulikana na watalii wa pale na kozi ilikuwa inaanza Jumatatu. Mbizi zilizoandikwa kwenye daftari langu zilishapita mia. Nilisoma, nikafanya mtihani, nikapita. Habari za darasani naziruka, mtihani ni mtihani.

Nilirudi kupitia Kigali, maana uwanja wa ndege wa Goma ulikuwa umefungwa tangu Januari 2025. Pale Grande Barrière, mpakani kati ya Rwanda na Goma, waliniuliza kama mdomo wa kupumulia ni kifaa cha hospitali. Nikapata wanafunzi sita: vijana watatu wa boti, waokoaji wawili wa kujitolea, na papa (mzee) mmoja nahodha, umri wa baba yangu mzazi. Wiki tano tuliingia majini alfajiri, wavuvi wa sambaza, visamaki vya Kivu, wakiwa wanarudi. Najisifu kidogo: yule papa alianza akiogopa kuvua miwani chini ya maji, akamaliza akiwavalisha wenzake.

Siku ya kuwaandikisha wapate breve (kadi ya cheti) nilikaa mbele ya kompyuta, nao wote sita nyuma yangu wamevaa mashati ya Jumapili. Programu ya shirika ikadai namba ya kituo cha mbizi. Nikaandika kwamba sina kituo. Ikakataa. Nikapiga simu ofisini kwao, nikaambiwa kwa adabu kabisa kwamba mwalimu wa shirika letu hatoi kadi akiwa peke yake, lazima awe chini ya kituo kilichosajiliwa, "tafuta kilicho karibu nawe." Karibu! Nikasoma mkataba wangu kwa mara ya kwanza, ndiyo, kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa nne ulikuwa na neno hilo, na chini yake bima ambayo haikuigusa Kongo hata kidogo. Yule papa akaniambia polepole, "Mwalimu, bila karatasi tumeogelea tu."

Sijawahi kuona haya kama siku ile. Bosi wangu nilipomwuliza kwa nini hakunionya, alinijibu kwamba sikuuliza. Na kweli sikuuliza.

Sasa, ndugu wa Bukavu, swali lako la "ipi bora" ni la kubishania kwenye bia. CMAS ilizaliwa 1959, Jacques Cousteau, yule mzamiaji maarufu wa Ufaransa, akiwa rais wake wa kwanza. Ngazi zake huhesabiwa kwa nyota, na huku kwetu kwenye Kifaransa watu watakuuliza una nyota ngapi. PADI ni ya Marekani, 1966, na watalii wengi wanaijua. NAUI ya 1960 inampa mwalimu nafasi kubwa ya kuongeza mambo yake kwenye kozi. BSAC ya Waingereza, 1953, ilikulia kwenye vilabu. Kipo mpaka kiwango cha kimataifa cha kupimia walimu, ISO 24802, na mashirika makubwa hupimwa kwa hicho. Tofauti inayokuhusu imo kwenye mkataba.

Kwa hiyo uliza: nikiwa peke yangu, bila kituo, naweza kutoa kadi? Vitabu vipo kwa Kifaransa? Bima inafika Kongo, na inasemaje kuhusu mahali penye vita? Ada ya kila mwaka ni ngapi, na nikichelewa kulipa itakuwaje? Jibu walitoe kwa maandishi. Narudia, kwa maandishi.

Na uliza kuhusu mwinuko, kwa sababu waliokufundisha baharini hawataukumbuka. Kivu iko mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mita 18 za hapa mwili unazihesabu kama 21 za Nungwi. Maji hayana chumvi kama ya bahari, kwa hiyo vyuma vya uzito unavyofunga kiunoni vinapungua. Halafu mwanafunzi akitoka majini anapanda pikipiki kwenda Masisi, kwenye milima inayopita mita 2,000, wakati naitrojeni ya hewa aliyovuta chini ya maji bado imo mwilini. Hatari hiyo ni ya aina ile ile ya kupanda ndege baada ya mbizi. Shirika lisilo na mafunzo ya mwinuko litakuachia mzigo huo peke yako. Gesi ya Kivu mnayoniuliza kila siku (methani na kaboni dioksidi), nyingi yake imelala chini ya mita 250, na sisi mwisho wetu ni mita 40. Ila ghuba la Kabuno ni habari nyingine, kule gesi iko karibu na juu. Usipeleke mwanafunzi.

Mimi nilihamia shirika lingine. Mafunzo ya kuhama yalikuwa siku chache, lakini pikipiki yangu ndiyo iliyoyalipia. Vijana wetu tunapenda beji! Tunapiga picha nayo kabla hatujasoma tulichosaini. Acheni hiyo. Someni, jamani, someni hata yale maandishi madogo kama sambaza.

Wanafunzi wanne kati ya sita walirudi, wamepata breve zao. Papa nahodha hajarudi. Nampungia mkono Kituku, naye ananipungia.

Wewe nitumie picha ya ule mkataba kabla hujatoa hata dola moja. Ukurasa wa nne kwanza.