Bitcoin kwenye maduka ya Mwanjelwa
Ndugu yangu, kama unataka wenye maduka Mwanjelwa, Mbeya, wapokee Bitcoin, yaani sarafu ya kidijitali, anza na sheria. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuwa sarafu za aina hii hazikubaliki kisheria nchini, na tangu 2024 kuna kodi ya zuio ya asilimia 3, inayokatwa kwenye malipo ya mali za kidijitali. Mwenye duka ayajue hayo kabla hujamwekea programu kwenye simu.

Halafu kuna kusubiri. Muamala wa kawaida huchukua kama dakika 10 kuthibitishwa, na mama aliyeshapimiwa mchele wake wa Kyela hasubiri hivyo. Lightning, mtandao wa malipo ya haraka ya Bitcoin, humaliza kwa sekunde. Ila jioni msambazaji anataka shilingi. Kama mwenye duka hajui atazipataje, tafadhali usimwingize. Na maneno ya siri yanayofungua pochi yake ya Bitcoin ayaandike mwenyewe kwenye karatasi, wewe usiyaone.