Daftari la Mwalimu: Pointi 21 zimebaki nyumbani, pointi 17 zimesonga mbele

Barua za safari hii zina hasira nyingi na hesabu mbovu. Hasira nimeziacha kwenye bahasha, hesabu nimezichukua. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilifundisha hesabu sekondari hadi nikastaafu, na tangu mwaka 1993 naandika msimamo wa makundi ya kufuzu ya Afrika kwenye madaftari, kwa penseli. Kwa nini penseli, mtaona hapo chini.

Shikamoo Mwalimu. Burkina Faso wamemaliza wa pili kwenye kundi lao wakiwa na pointi 21. Nigeria nao wa pili, pointi 17. Waliokwenda kwenye mchujo wa Kombe la Dunia 2026 ni Nigeria! Tumebishana kazini mpaka mmoja kanuna, hasemi na mtu. Huu si wizi? – Msema Kweli

Marahaba. Mwambie huyo aliyenuna arudi mezani. Kununa ana haki, ila wizi haupo.

Afrika ilipangwa makundi tisa ya timu sita. Kinara anakata tiketi moja kwa moja, na katika tisa walioshika nafasi ya pili, wanne bora wanakwenda Morocco kugombea tundu la sindano lililobaki. Sasa Eritrea wakajitoa kabla mpira haujaanza, Kundi E likabaki na timu tano. Wa pili wa kundi lile ana mechi nane, wenzake wana kumi. Utawapimaje kwa kibaba kimoja? Ikaamuliwa kwamba wakati wa kuwalinganisha washindi wa pili, mechi za kila mmoja dhidi ya timu ya sita ya kundi lake zifutwe.

Chukua kalamu. Mkiani mwa kundi la Burkina Faso walikuwa Jibuti. Burkina waliwafunga 4-1, wakarudi wakawafunga 6-0. Pointi sita na mabao kumi, futa yote. Ile 21 imekuwa 15. Yanabaki mabao 13 ya kufunga na 7 ya kufungwa, tofauti +6.

Njoo kwa Nigeria. Mkiani mwao walikuwa Zimbabwe, na Nigeria hawakuweza kuwafunga hata mara moja: 1-1, na tena 1-1. Futa pointi mbili. Ile 17 nayo imekuwa 15. Mabao 13 kwa 6, tofauti +7.

Wamepishana kwa bao moja, na bao lenyewe nalijua. Oktoba 14, 2025, mjini Uyo, Nigeria wanaongoza 3-0 dhidi ya Benin, yote matatu kafunga Osimhen. Dakika tisini zimekwisha. Mpira ukiisha hivyo, Nigeria wana +6 sawa na Burkina, lakini wamefunga 12 na Burkina 13, kwa hiyo Nigeria wako nje. Dakika za nyongeza zimeanza tu, Frank Onyeka akatia la nne. Mimi mwenyewe nililiona kama bao la kupambia, nikainuka kwenda kuchemsha chai. Niliporudi kujumlisha ndipo nikaona kwamba mechi nzima ilikuwa ni lile bao.

Burkina wakitafuta wa kumlaumu, wafungue kurasa za nyuma: 1-1 na Guinea-Bissau Novemba 2023, 2-2 na Sierra Leone Juni 2024. Wangeshinda mojawapo ya hizo, kufutwa kwa Jibuti kusingewaumiza. Na Nigeria wangewafunga Zimbabwe hata mara moja tu, wangefika pointi 19 na kuongoza kundi, maana Afrika Kusini walimaliza na 18. Mchujo wenyewe haukuwafikisha mbali: waliwatoa Gabon 4-1 baada ya dakika za ziada, kisha Novemba 16 mjini Rabat wakatolewa na Kongo ya Kinshasa kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1.

Mwalimu, hao hao Afrika Kusini walinyang'anywa pointi tatu kwa sababu ya kadi mbili za njano za mechi tofauti, miezi na miezi imepita. Nani anakumbuka mambo hayo? – Bafana wa Mbali

Meneja wa timu ndiye anayepaswa kukumbuka. Ndiyo kazi yake, pamoja na kuhesabu pasipoti.

Teboho Mokoena alikuwa na kadi ya njano katika mechi mbili za mashindano hayo hayo, kwa hiyo alitakiwa kukaa nje. Machi 2025 akaanza dhidi ya Lesotho, Afrika Kusini wakashinda 2-0. FIFA ilitoa uamuzi mwishoni mwa Septemba: Lesotho wamepewa ushindi wa 3-0. Nikafuta 2-0, nikaandika 0-3. Nikafuta 17, nikaandika 14. Karatasi imelainika pale hadi unaona mistari ya ukurasa wa pili. Ndiyo maana ya penseli. Bafana walitoka sare na Zimbabwe, wakawafunga Rwanda 3-0 siku ya mwisho, wakaponea chupuchupu.

Cape Verde hawakuponea. Septemba 2013 waliwafunga Tunisia 2-0 ugenini, wakaongoza kundi, wakawa wamebakiza hatua moja tu kufika Kombe la Dunia la 2014, Brazil. Ikagundulika beki wao Fernando Varela alikuwa bado anatumikia adhabu. Tunisia wakapewa 3-0 na nafasi yao. Kisiwa kizima kikarudi kusubiri miaka kumi na miwili. Samahani, visiwa, mwalimu wa jiografia wa shule yetu angenisuta.

Shikamoo Mwalimu. Baba yangu anaipenda Cameroon tangu 1990. Mpaka leo ukitaja jina la Womé anazima televisheni. Penalti moja, dakika ya mwisho, na Kombe la Dunia 2006 likapotea. Kwa nini hakumwachia mwingine apige? – Binti Yake

Marahaba, binti. Mpe baba pole zangu, halafu mpe na karatasi hii asome akiwa ameketi.

Oktoba 8, 2005, Yaoundé. Asubuhi ya siku hiyo Cameroon wana pointi 20, Ivory Coast 19. Cameroon wako nyumbani na Misri, Ivory Coast wako Omdurman na Sudan. Ivory Coast wanashinda 3-1. Yaoundé ni 1-1, muda umekwisha, penalti. Pierre Womé anapiga, mpira unagonga mwamba. Hayo baba anayakumbuka.

Asichokumbuka ni hiki. Cameroon waliwafunga Ivory Coast nyumbani na ugenini: 2-0 Yaoundé, 3-2 Abidjan, Webo akiwa amefunga yote matatu. Katika mechi kumi Ivory Coast walipoteza mbili tu, na zote mbili ni hizo. Zilizobaki walishinda zote, isipokuwa sare moja ya 0-0 na Libya. Yaani Cameroon walimshinda mpinzani wao mara mbili, na mpinzani ndiye aliyekwenda Ujerumani.

Pointi zilipotelea wapi? Omdurman, Oktoba 2004, sare ya 1-1 na Sudan. Sudan hao walimaliza mechi zote kumi wakiwa na pointi sita. Na Libya, 0-0. Na Cairo, kichapo cha 3-2. Sare ya Omdurman haina picha kwenye kumbukumbu ya mtu, hakuna mwamba, hakuna mchezaji aliyeshika kichwa, na hakuna aliyewahi kuzima televisheni kwa ajili yake. Lakini ukilipa zile pointi mbili, Womé anakwenda kupiga penalti isiyo na kazi.

Hapa ndipo ninapogombana na watangazaji. Timu kubwa ikitoka sare kwa timu ndogo utasikia, "wamepata pointi moja muhimu ya ugenini." Muhimu kwa nani? Ivory Coast walifuzu kwa 22 kati ya 30. Kwa mwendo huo, sare moja ni deni la pointi mbili, na wakubwa wenzako hawatakulipia.

Kisha fungua daftari langu jipya, Kundi D la 2026. Juni 2024, Yaoundé, Cameroon wanawapiga Cape Verde 4-1. Baada ya hapo? Cameroon tayari walikuwa na sare ya 1-1 na Libya, wakaongeza 1-1 na Angola, 0-0 na Eswatini, na siku ya mwisho 0-0 na Angola tena. Walipoteza mechi moja tu, 1-0 kwa Cape Verde mjini Praia Septemba 2025. Cape Verde nao walipoteza moja tu, ile ya 4-1. Sare zao ni mbili: Angola, na Libya ile ya 3-3 waliyokuwa nyuma kwa 3-1. Waliobaki wote waliwafunga. Oktoba 13, 2025 wakawapiga Eswatini 3-0, wakamaliza na 23 dhidi ya 19. Nchi ya watu kama nusu milioni.

Kwa hiyo mwaka 2005 Cameroon walifungwa mechi moja kati ya kumi, na safari hii vilevile moja kati ya kumi. Mara zote mbili hawakuongoza kundi, na safari hii hakuna Womé wa kumtupia lawama. Baba atazima televisheni kwa ajili ya nani?

Timu zikilingana kila kitu inakuwaje? – Mvivu wa Kuandika

Mwaka 2009, kwenye kufuzu Kombe la Dunia, Misri na Algeria walimaliza pointi 13 kila mmoja, wamefunga 9 na kufungwa 4 kila mmoja. Wakapelekwa Omdurman (mji huu haukosi kwenye daftari langu) Novemba 18. Bao moja la Antar Yahia, Algeria wakaenda Afrika Kusini.

Mwalimu, kwenye AFCON wanaangalia tofauti ya mabao au mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe? Na wewe umewahi kukosea? – Mchokozi

Nimekuona. Nimewahi, na ukurasa upo.

Kwenye kufuzu Kombe la Dunia upande wetu huanza tofauti ya mabao. Kwenye AFCON huanza mechi walizokutana. Nilikuwa nalijua hilo, halafu Oktoba 8, 2011 nikalisahau. Afrika Kusini walitoka 0-0 na Sierra Leone mjini Nelspruit. Niger siku hiyo wamepigwa 3-0 na Misri. Timu tatu zikawa na pointi 9: Afrika Kusini tofauti ya +2, Sierra Leone sifuri, Niger -2. Nikapiga mstari chini ya Afrika Kusini, nikaandika "WAMEFUZU" kwa herufi kubwa. Faraja yangu ni kwamba wachezaji wenyewe walikuwa uwanjani wanacheza ngoma. Walikuwa wametafuta sare kwa makusudi.

Ondoa mechi za Misri, waache watatu peke yao. Niger, wakiwa nyumbani, walimfunga kila mmoja: 2-1 Afrika Kusini, 3-1 Sierra Leone. Pointi sita. Afrika Kusini walimfunga Niger mara moja, 2-0, na kutoka suluhu mbili na Sierra Leone. Tano. Sierra Leone waliwafunga Niger 1-0, jumlisha zile suluhu mbili, nao tano. Wenye -2 wakaenda AFCON, wenye +2 wakazima muziki. Neno langu lile sikulifuta. Nimelizungushia duara tu.

Shikamoo Mwalimu. Eti AFCON ya 2019 Taifa Stars walibebwa? – Mtani

Marahaba. Kubebwa ni neno la watani. Kabla ya mechi ya mwisho Tanzania 5, Lesotho 5. Lakini tulitoka nao 1-1 nyumbani, wakatufunga 1-0 kwao, na jibu lililotangulia limekwambia maana yake: tukilingana pointi, wanakwenda wao. Kushinda peke yake kulikuwa hakutoshi. Ilibidi Lesotho wasishinde Praia.

Machi 24, 2019 Stars waliwafunga Uganda 3-0: Msuva, Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris. Uganda walikuwa wameshafuzu, hilo nakubali. Lesotho na Cape Verde 0-0. Miaka 39 tangu Lagos 1980 ikaisha.

Mimi nilikuwa na televisheni mbele na mjukuu pembeni anafuatilia Praia kwenye simu. Kila nikimtazama: "Bado sifuri, bibi." Mpira ulipoisha mikono yangu haikushika penseli, nikampa aandike yeye. "Tanzania 3" kaiandika vizuri, kwenye mstari. "Lesotho 0" kaiandika kubwa, imekula mistari minne, na sifuri kaikolezea hadi karatasi ikatoboka.