Kila mmoja ashike mtandao wake: kwa mnaoanza kujifunza BGP

Wadogo zangu, BGP, lugha ambayo ruta (mashine zinazoelekeza data) hutumia kupashana habari za njia, msijifungie nayo chumbani peke yenu. Kazi yake ni kuunganisha mitandao ya wenyewe mbalimbali, kila mmoja na uamuzi wake. Ukizipanga ruta zote wewe mwenyewe, hapana wa kukupinga, na matatizo yenyewe hutayaona.

Sisi tulikuwa watano, Chake Chake, kila mtu na laptopu yake yenye Linux na FRRouting, programu inayoifanya laptopu kuwa ruta. Mitandao tukaipa majina ya kwetu: Wete, Chake, Mkoani, Konde, Micheweni. Namba za mitandao, maana katika BGP kila mtandao hujulikana kwa namba yake, tulianzia 64512, maana kutoka hapo hadi 65534 ni za matumizi ya ndani. Anwani zikawa 10.1.0.0/16, 10.2.0.0/16, hivyo hivyo. Swichi ilikuwa moja, tukaigawa kwa VLAN, yaani swichi moja ikafanya kazi kama nyingi, ili kila majirani wawili wawe na kiungo chao. Sharti letu: kibodi ya mwenzio huigusi. Una haja naye, mwambie.

Mtakwama mapema. Jirani ameshaunganika, lakini njia haiji hata moja. FRRouting za sasa hazipokei wala hazitangazi njia kwa mtandao wa nje mpaka uandike sera, yaani kanuni za njia zipi upokee na zipi utangaze. Ipo amri ya kuuzima ulinzi huo, na sisi tuliuzima kwa haraka zetu. Basi Wete, aliyepakana na Chake na Konde, akawa anampa huyu njia za yule bila kujijua. Tulipokata kiungo cha Chake na Konde, pakiti zao zote, yaani vipande vya data, zikapita kwake Wete, mfano wa uchochoro wa nyumba uliogeuzwa barabara ya magari. Laptopu yake ilikuwa kongwe kuliko zote, ikalemewa. Tangu siku ile tunaandika sera kwenye karatasi kwanza, tunamsomea jirani, ndipo tunafungua.

Halafu lifanyeni na hili kwa makusudi. Mkoani atangaze 10.3.0.0/16 yake, Konde atangaze 10.3.5.0/24 isiyo yake. Pakiti za 10.3.5.0/24 zitamkimbilia Konde, kwani ruta hufuata tangazo lililo finyu zaidi, na /24 ina anwani chache kuliko /16. Februari 2008 Pakistan Telecom ilitangaza /24 iliyokuwa ndani ya /22 ya YouTube, tangazo likavuka mipaka, na YouTube ikapotea kwa watu wengi duniani kwa kiasi cha saa mbili.

Mkishamkamata Konde kwa sera zenu, badilishaneni viti mlirudie, aliyeibiwa sasa awe mwizi.