Iacheni moduli itulie kwanza

Juzi nimemwona tena mmoja wenu akifunga moduli ya joto, kile kibati kinachogeuza tofauti ya joto kati ya pande zake mbili kuwa umeme, kwenye kifundo cha mkono, akaitazama multimita sekunde kumi, akaandika namba, akakimbilia kuchora saketi. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa na furaha. Leo nasema, wadogo zangu.

1. Andikeni wati, si volti. Soli ya piezo, ile ya kiatu inayotoa umeme ikikandamizwa, itawapa makumi ya volti kwenye osiloskopu kila kisigino kinapokanyaga, ila mkondo wake ni kiduchu. Wekeni mzigo, yaani kitu kinachotumia huo umeme, tafuteni wastani wa dakika nzima ya kutembea.

2. Subirini. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wangu wa kwanza nilifunga moduli ya sentimita 4 kwa 4, ile yenye jozi 127 za vipande vya kuzalisha umeme ndani, nikasoma milivolti 180. Moduli hizo hutoa kama milivolti 50 kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, basi nikajihesabia nyuzi tatu na nusu. Nikakesha siku tatu nikiunganisha bodi ya kupandisha volti. Siku ya kuonyesha, mwalimu wangu akanyoosha mkono wake mwenyewe. Taa ikawaka, watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, taa inafifia. Nikadhani mkanda umelegea, nikaukandamiza kwa kiganja; ikazima kabisa. Mwalimu akagusa mapezi ya kupozea, akaniambia taratibu, "Hebu gusa." Yalikuwa na joto kama ngozi yake, na kiganja changu ndicho kilichoyamalizia. Upande wa baridi haukuwepo tena. Jioni nilipima upya baada ya dakika tano: milivolti 35 bila mzigo, nusu yake kukiwa na mzigo, na bodi ile haiamki chini ya milivolti 20. Nilikuwa nimepima zile sekunde chache ambazo mapezi yalikuwa bado na ubaridi wa mezani. Nililia chooni, sifichi.

3. Zile wati 100 za joto la mwili uliopumzika msiziweke ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kwa tofauti ya nyuzi moja, hata mashine kamilifu haivuni asilimia 0.4 ya joto linalopita ndani yake, na moduli yenu inafunika kipande kidogo tu cha ngozi.

4. Anzeni na mahitaji ya kifaa. Saa ya mkononi ya Seiko Thermic ya 1998 iliendeshwa na joto la mkono kwa sababu saa hula mikrowati chache. Anayetaka wati aende kwenye goti: kifaa cha 2008 cha kuvaa gotini, kinachozalisha umeme ukitembea, kilitoa wati 5 hivi kwa miguu miwili, lakini kila goti lilibeba kilo 1.6. Jaribuni kupanda ngazi nazo.

Na wewe wa juzi, daftari lako liko mezani kwangu. Kesho vaa moduli ukifika asubuhi, fanya shughuli zako, upime saa nne.