Blanketi la Mama Liko Kwenye Nailoni Hadi Leo

*Shangazi, shikamoo. Mama yetu alifariki mwaka jana, nyumbani kwake Pasua, Moshi. Mimi ndiye binti pekee, na ndiye ninayeishi karibu. Kaka zangu wawili wako Dar. Wanataka nyumba ipate mpangaji Januari, na wamesema wakija Desemba wakute chumba cha mama kitupu. Kila Jumamosi naenda, nafungua kabati, nakaa kitandani, narudi kwangu sijatoa hata kijiko. Kuna vitenge havijashonwa, sufuria za sherehe, makopo matupu, risiti za kahawa tangu enzi za baba. Juzi nimekuta blanketi nililomnunulia kwa mshahara wangu wa kwanza, bado liko kwenye nailoni yake. Nililia. Kumbe hakulipenda? Mume wangu anasema nipakie vyote kwenye kirikuu nikatupe. Mimi naona kama namfukuza mama kwake. Nifanyeje?*
*Binti wa Pasua*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Nianze na blanketi, maana naona ndilo lililokuumiza kuliko vyote. Kina mama wa rika la mama yako hawakutumia kitu kizuri eti kwa kuwa kimefika. Walikiweka. Mashuka mapya yalikuwa ya wageni, vikombe vya maua vilingoja mchungaji au padri, kitenge kizuri kilingoja harusi. Wengi wao walilea watoto mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari, sabuni na nguo zilipoadimika na watu wakashinda kwenye foleni za duka la kaya. Kilichomo kabatini ndicho walichojua kuwa wanacho. Hebu kumbuka ulilikuta wapi blanketi hilo. Kama lilikuwa na vitenge vipya, wala si uvunguni na makopo, basi mama alilithamini sana.

Ila kuna uchungu mwingine humo, na nadhani ndio unaokukalisha kitandani kila Jumamosi. Nguo aliyoivaa mama inakukumbusha alivyoishi. Kitenge ambacho hakikushonwa kinakuonyesha raha aliyojiwekea akiba na hakuifikia. Huo ni msiba juu ya msiba, na mumeo asidhani ni uvivu. Vitu hivyo vipya, mwanangu, vitumike. Peleka kitenge kimoja kwa fundi ukivae Krismasi hii. Blanketi litandike kwako leo. Vitenge vingine wape mama zako wadogo na wale majirani waliomwogesha na kumlisha alipougua. Wape mkononi, mkae mmkumbuke kidogo.

Sufuria za sherehe hazikuwahi kuwa za mama peke yake. Zimepika kwenye misiba na kipaimara za mtaa mzima. Zipeleke kwa kina mama wa jumuiya yake, na kama aliandika jina lake kwa rangi kwenye kitako, wasilifute.

Makopo, toa. Nguo zilizochakaa, fanya matambara.

Nguo nzuri ambazo ndugu hawazihitaji unaweza kuziuza, wala si dhambi, lakini usimpe muuzaji wa mitumba wa soko la Memorial hapo Moshi. Moshi ni mji mdogo. Siku utakayokutana na blauzi ya mama stendi, imevaliwa na mtu usiyemjua, utaumia upya. Zipeleke mbali kidogo.

Kwako chukua vile alivyovishika kila siku: mwiko wake, kisu chake, kikombe chake cha chai. Vichache tu, na viingie jikoni vifanye kazi. Hujamfukuza mama, mwanangu. Nyumba ndiyo inayopata mpangaji.

Kirikuu nakataa. Kabla kitu chochote hakijatoka, kagua mifuko ya makoti, kurasa za Biblia, chini ya godoro. Humo ndimo kina mama wetu wanamoficha fedha, hati ya kiwanja, kitabu cha SACCOS. Karatasi zote, na risiti za kahawa zikiwemo, ziweke kwenye faili moja. Kama mahakama bado haijateua msimamizi wa mirathi, kitu cha thamani kisitoke bila kaka zako kujua. Andika kila kitu kwenye daftari, nani kachukua nini, ili kesho usije ukaambiwa ulibeba mali ya mama.

Na hao kaka zako. Sipendi desturi hii ya kumwachia binti kufungasha maisha ya mzazi kwa kuwa tu anaishi karibu, halafu wengine wanakuja kukuta pamefagiliwa. Nao walizaliwa na mama huyo huyo. Waambie wazi kwamba Desemba hawatakuta chumba kitupu: watakikuta kimepangwa, karatasi ziko kwenye faili, na makabati yanawasubiri wao. Wapande siku mbili kabla ya sikukuu, waingie chumbani na wake zao, washike vitu vya mama yao kwa mikono yao. Mpangaji akichelewa hadi Februari hakuna aliyekufa njaa. Wapigie wiki hii, ukianza na mkubwa.