Kupasua na kuambatana

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza neno la Kiingereza "cleave" lilianza na maana ipi, kupasua au kuambatana, kwa kuwa katika ile Biblia ya Mfalme James ya 1611, Mwanzo 2:24 mume anaambatana na mkewe, na Mwanzo 22:3 Ibrahimu anachanja kuni, na neno ni hilo hilo.

Si neno moja. Waingereza wa kale walikuwa na "clēofan", kupasua, na "clifian", kunata. Matamshi yakasogeleana karne hadi karne mpaka yakalingana. La kwanza ndilo lililozaa "cleaver", lile panga pana la bucha. La pili Wajerumani bado wanalo: kunata kwao ni "kleben". Nimekuambia tangu ukiwa mdogo, kufanana si undugu.

Ila hapo najibishana mwenyewe, maana nakumbuka sale. Sale ni mmea mmoja, wala si miwili, na ndio sisi Wachagga tunaoupanda mpakani, na ndio tunaoupeleka kuomba msamaha. Babu yako alipotugawia kihamba, shamba letu la ukoo, aliyapanda masale kwa mkono wake, juu ya mfereji, mimi nimemshikia kamba. Krismasi iliyofuata nikayakuta yamesogea hatua nne. Udongo mashinani ulikuwa bado tifutifu. Baba yako mdogo alikuwa amekaa palepale na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akanikaribisha.

Tulinuniana miaka sita. Watu hawatutofautishi sura, nami nikawa nawajibu: kufanana si undugu.

Kisha jioni moja shangazi yako akaingia na jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu sale halikataliwi. Nililipokea kwa mikono miwili nikalia mbele yake, na usiku ule tukala sahani moja, mimi na mdogo wangu. Furaha ile sijaipata tena. Lakini mpaka haukurudi.

Mama yako anasema msamaha ukishapokelewa hauhesabiwi hatua. Kweli. Hata hivyo hatua nne ni hatua nne, na kamba niliishika mimi. Basi, sisemi nani alikosa, ingawa kalamu inataka kuandika. Yule ni baba yako pia. Ukija Desemba anzia kwake kabla ya kufika kwangu, na ukivuka mfereji, tazama masale yalipo.

Baba yako