Usome nadharia ya nyuzi au uachane nayo?

Mdogo wangu wa Mlimani, unaogopa kuomba uzamili wa nadharia ya nyuzi (ile isemayo chembe ndogo kabisa ni nyuzi zinazotetema) kwa kuwa wanasema imemeza fizikia ya nadharia. Malalamiko hayo yana ukweli. Tangu kazi ya 1984 ya wanafizikia Green na Schwarz, iliyoonyesha kuwa hesabu zake zinaweza kukubaliana, nadharia hii imevuta vijana wengi mno, na hadi leo hakuna jaribio lililoithibitisha. LHC, mtambo wa kugonganisha chembe pale CERN, Geneva, haijaona chembe za ulinganifu-mkuu (supersymmetry) ambazo wananadharia wa nyuzi walizitumainia. Ila fizikia ya mada mango (ile ya vitu kama metali na sumaku), kwa mfano, haijamezwa na mtu!

Shika kwanza relativiti ya jumla (nadharia ya Einstein ya mvutano) na nadharia ya kwanta ya uga (lugha ya fizikia ya chembe). Zitakufaa hata kwenye utafiti wa mawimbi ya mvutano. Diploma ya ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, hutoa ufadhili, iombe. Na kabla hujamkubali msimamizi, muulize wanafunzi wake wa zamani wako wapi. Akizungukazunguka, tafuta mwingine. Mambo ya kukopa ada, mwone mhadhiri wako kwanza.